Kitabu Kimekwisha, Kisa Hakijakwisha: Namna ya Kuisoma Riwaya Dhati

"Nimekimaliza, lakini sijaona kimeishia wapi." Kauli hii husikika kila mara kitabu cha namna fulani kinapozunguka mkono kwa mkono, iwe Shangani, Newala au Lindi mjini. Imezidi kusikika tangu Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, na hasa baada ya mwaka 2022, riwaya yake ya 1994, *Paradise*, ilipotoka kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, nayo imechochea mazungumzo ya riwaya. Watu wamenunua, wameazimana, wamesoma. Kisha wanauliza: Mbona haiishi? Ujumbe wake ni upi? Mbona kurasa kumi zimepita na hakuna aliyekufa wala aliyeoa?

Wanaouliza hivyo si wavivu, wala elimu haijawapungukia. Wameshika kitabu cha aina moja wakiwa na matarajio ya kitabu cha aina nyingine, na hakuna aliyewaeleza tofauti.

Tuanze na maneno yenyewe. Kisa ni mambo yaliyotokea, yakipangwa kwa kalenda. Msuko ni mpangilio aliouchagua mwandishi kuyatoa mambo hayohayo. Chukua basi linalotoka Dar es Salaam kuja Mtwara: Kibiti, Somanga, Nangurukuru, Mingoyo, kisha Mtwara. Hicho ni kisa, na hakibadiliki. Lakini abiria akishuka stendi na kuanza kueleza safari, ataanzia Nangurukuru, tairi lilipopasuka. Kisha atarudi nyuma hadi Kibiti, ambako kondakta aliambiwa tairi lile limechoka akapuuza. Kufika Mtwara atakutaja kwa neno moja tu. Huo ndio msuko, na ameupanga hivyo kwa sababu anataka umlaumu kondakta. Yeye mwenyewe, anayechagua pa kuanzia na pa kunyamazia, ndiye msimulizi.

Riwaya pendwa ni ile inayokushika kwa swali moja kubwa: nini kitafuata? Huko ndiko kwenye upelelezi, mapenzi na visasi. Riwaya dhati, ambayo wengine huiita riwaya ya kifasihi, nayo huwa na swali hilo, lakini inaongeza jingine ambalo mara nyingi ndilo lililobeba uzito: nani anatuambia haya, anajua kiasi gani, na kwa nini ameyasema hivi? Mpaka kati ya aina hizi mbili ni kama mpaka wa mashamba ya ndugu, watu huvuka kila siku. Na anayesema riwaya pendwa ni takataka amekosea. Taharuki inayomfanya mtu asome mpaka kibatari kikazimika ni ufundi mgumu, na waandishi wengi wa riwaya dhati hawauwezi. Ila mtu anayeisoma dhati kwa macho ya pendwa ni sawa na aliyekwenda kwenye taarabu akingoja vumbi la sindimba. Ngoma zote mbili ni nzuri, lakini usiku wake utakuwa mrefu.

Tukio moja, namna mbili

Tofauti huonekana haraka zaidi kwa mfano. Kijana anarudi kijijini na kukuta baba yake ameuza shamba la mikorosho. Namna ya kwanza:

"Juma alifika nyumbani usiku, akagundua kuwa baba yake ameuza shamba bila kumwambia. Akamkabili. Wakagombana mpaka majirani wakaingilia kati."

Namna ya pili:

"Chai ilikuwa na sukari. Juma aliinywa nusu, akatazama kikombe cha pili pale mkekani, kisicho na mtu, na karatasi ya biskuti iliyokunjwa mara nne, kama wakunjavyo watu wa mjini. Baba yake alikuwa akifagia mahali ambapo hapakuwa na uchafu. 'Mwaka huu utapumzika,' alisema mzee. Eti atapumzika."

Katika namna ya pili hakuna sentensi inayosema shamba limeuzwa, lakini habari yote imo. Sukari inasema fedha imeingia ndani ya nyumba. Kikombe cha pili kinasema kulikuwa na mgeni, na karatasi ya biskuti inasema alikotoka. Ufagio unasema mzee ana aibu. "Utapumzika" maana yake hakuna tena cha kupalilia wala cha kupulizia dawa. Na lile "eti" la mwisho ni la Juma: ameshaelewa, na amekataa. Msomaji anayekimbilia ugomvi atasema hapa hakuna kilichotokea. Ukweli ni kwamba yote yametokea tayari, na ugomvi ukija baadaye utamuuma kwa sababu aliuona unakuja.

Hilo neno "eti" linastahili kukaliwa kitako, maana Kiswahili kina vifaa vyake vidogo vya kumwonyesha msimulizi, na msomaji wa Kiswahili anavijua tangu utotoni ila hajaambiwa avitumie kitabuni. "Eti" huonyesha kwamba anayesema haamini anachokisema, au anamnukuu mwingine kwa shaka. "Kumbe" huonyesha dakika ile ile mtu anapogundua. Ukikutana na "kumbe" katika riwaya, simama uulize ni ya nani. Ni mhusika aliyegundua sasa hivi? Au ni msimulizi anayekuonjesha jambo ambalo mhusika bado halijui? Jibu lake hubadilisha ukurasa mzima. "Inasemekana" na "wanasema" huhamisha mzigo wa ukweli kutoka kwa msimulizi kwenda mtaani, na mwandishi mzuri hafanyi hivyo bila sababu.

Kuna pia vitenzi. Kiambishi -ka- ndicho kinachosukuma habari mbele: akaondoka, akafika, akabisha hodi. Chukua ukurasa wowote uhesabu vitenzi vyenye -ka-. Vikijaa, matukio yanakimbia. Vikipungua ghafla, na mahali pake zikaja -ki-, hu- na "alikuwa aki-", mwandishi amesimamisha saa. Hapo ndipo wasomaji wengi huruka mistari wakidhani ni maelezo ya kujazia, na hapo ndipo mara nyingi kiini kimewekwa. Kadhalika na -na- ikitokea katikati ya habari ya -li-: huenda kumbukumbu imeingia kama ya leo, au mhusika anaota, au msimulizi amebadilika. Usipoiona alama hiyo utapotea kurasa tano mbele na kudhani kitabu kimevurugika.

Jambo jingine la lugha yetu: kiambishi a- hakitofautishi mwanamume na mwanamke. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kumficha msimulizi wake kwa sura nzima bila kukuambia ni wa jinsia gani. Kwa upande wa pili, anayetafsiri kutoka Kiingereza, lugha ambayo Gurnah anaandikia riwaya zake, hulazimika kurudisha jina au kuweka "yule kijana", "yule bibi", kila watu wawili wa jinsia tofauti wanapozungumza. Ukijikuta hujui nani kasema, usiendelee kwa kubahatisha. Rudi kwenye jina la mwisho lililotajwa, soma upya kutoka hapo.

Msimulizi asiyejua

Msimulizi anaweza kusema uongo, lakini mara nyingi zaidi hajui tu. *Peponi* ni shule nzuri ya jambo hili. Yusuf ana umri wa miaka 12 anapoondoka nyumbani na tajiri Aziz, ambaye yeye anamhesabu kuwa mtu wa ukoo. Dukani anamkuta kijana Khalil, na ni huyo anayemweleza kwamba tajiri yule si jamaa yake hata kidogo: yuko pale kwa sababu baba yake anadaiwa. Mtoto amewekwa rehani. Kusini mwa Tanzania neno hilo halihitaji kamusi, maana mikorosho huwekwa rehani na deni la masika hulipwa kwa korosho za Oktoba. Habari haisimuliwi na Yusuf mwenyewe, ni nafsi ya tatu, lakini msimulizi amesimama karibu sana na mtoto huyo na kwa muda mrefu haoni mbali kuliko yeye. Msomaji anaanza kushuku kabla ya Yusuf. Pengo hilo, kati ya anachokijua msomaji na anachokijua mtoto, ndilo linalofanya kazi yote. Mwandishi angeeleza deni kwenye ukurasa wa kwanza, huruma ingebaki ya mbali.

Kosa la kawaida linalofuata ni kumchanganya msimulizi na mwandishi. Riwaya ikisema "mimi", watu husema "mwandishi alipitia haya". "Mimi" wa riwaya ni mhusika aliyetungwa kama wengine, na anaweza kuwa mwizi, mwendawazimu au maiti. Hali ni hiyohiyo kwa watu wa historia. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alichapisha mwaka 1969 tamthiliya kuhusu Vita vya Majimaji, vita vilivyoanzia Umatumbi mwaka 1905. Mtu wa historia ni Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka huohuo. Wa tamthiliya ni Kinjeketile. Hussein mwenyewe ameeleza kwamba wa kwake ni kiumbe wa ubunifu. Tofauti ya irabu mbili yatosha kumkumbusha msomaji asitumie tamthiliya kama hati ya kumbukumbu, wala asiikemee kwa kutofuata hati. Tamthiliya si riwaya, lakini kanuni hii ni moja kwa zote mbili.

Ujumbe, na swali la darasani

Swali la ujumbe limetoka shuleni. Mtihani wa fasihi humtaka mwanafunzi ataje dhamira, ujumbe na falsafa, na kujibu kwa hoja zilizohesabiwa. Njia hiyo ina faida zake, inamfundisha mtu kutoa ushahidi kutoka kitabuni. Madhara yake ni kwamba inamwacha akiamini riwaya ni kitendawili: kuna jibu moja, limefichwa, na akishindwa atoe mji.

Riwaya dhati iko karibu zaidi na methali. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ikisemwa na mwenye nyumba mwenye njaa ni maneno ya furaha. Ikisemwa kwa mgeni aliyekuja mikono mitupu, inaweza kuwa sumu. Maneno hayajabadilika. Kilichobadilika ni nani kasema, kwa nani, lini. Kwa hiyo mtu akiulizwa riwaya ina ujumbe gani akajibu "rushwa ni mbaya", hajakosea, lakini hakuhitaji kurasa 200 kulijua hilo. Swali linalozaa zaidi ni hili: ni mhusika gani nilimchukia mwanzoni na sasa namwelewa, na ni ukurasa upi ulionigeuza? Hapo utalazimika kufungua kitabu.

Haya ndiyo yanayoeleza pia mwisho ulio wazi. Mwisho wa *Peponi* unaweza kutajwa hapa bila kumharibia yeyote, kwa kuwa riwaya ya namna hii haifi mwisho wake ukijulikana. Watoto husikiliza kisa cha Sungura na Fisi mara kumi, na mara ya kumi hucheka kabla ya neno lenyewe. Safu ya askari wa Mjerumani inapita, na Yusuf anaikimbilia. Basi. Msomaji anageuza ukurasa, hakuna kitu.

Kwa nini hapo? Kwa sababu kitabu chote kimekuwa kikiuliza mtu aliyekulia mikononi mwa wengine atafanya nini siku akipata nafasi ya kuchagua mwenyewe. Swali limejibiwa, na jibu linatisha: amekimbilia bwana mwingine. Yatakayompata huko ni kisa kingine, ambacho msomaji wa kusini anaweza kukisia mwenyewe. Vita vilivyofuata, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vilipita hapa kusini. Mapigano makali ya Mahiwa, karibu na Nyangao, yalikuwa Oktoba 1917, na mwezi uliofuata jeshi la Mjerumani lilivuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Riwaya ya Gurnah ya mwaka 2020, *Afterlives*, inaingia ndani ya maisha ya askari wa jeshi hilo.

Kipimo cha mwisho ulio wazi ni rahisi. Jiulize: swali kubwa la kitabu limejibiwa? Kama limejibiwa na matukio pekee ndiyo yaliyoachwa yakining'inia, mwisho ni mzuri. Kama swali lenyewe limetelekezwa, mwandishi amechoka, na una haki ya kulalamika. Hakuna sababu ya kukisifu kila kisichoeleweka. Giza linalotokana na uvivu wa mwandishi lipo, na tuzo haiondoi giza hilo.

Pale uhalisia unapovunjwa makusudi

Kuna riwaya ambazo ugumu wake ni wa namna nyingine kabisa: mahali hapatajwi, wafu wanazungumza, saa inazunguka kinyume. Kwa hizi, mwenyeji wa Mtwara ana mfano karibu kuliko msomaji wa kwingine. Mchongaji wa Kimakonde huweza kuchonga kwa mtindo wa binadamu: mzee na kiko chake, mama na mtungi, kila kidole mahali pake. Mpingo uleule, kwa tezo na patasi zilezile, huweza kuwa shetani mwenye jicho moja na mguu unaotokea kifuani, mtindo unaohusishwa na mchongaji Samaki Likonkoa na uliositawi kuanzia miaka ya 1950. Au huwa mawingu: umbo linalojipinda, lenye matundu, lisilo mtu wala mnyama. Hakuna anayesema mchonga mawingu ameshindwa kuchonga pua. Anajulikana kuwa anaweza, na ameamua kuiacha.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipita njia hiyohiyo. *Rosa Mistika* ya mwaka 1971 ni ya mtindo wa binadamu: kijiji kinatambulika, baba mkali anatambulika, msichana anatambulika. *Nagona* ya 1990 na *Mzingile* ya 1991 ni mawingu. Ni vitabu vyembamba, kila kimoja hakifiki kurasa 100, na wembamba huo umewadanganya wengi. Mtu anayemaliza riwaya pendwa ya kurasa 200 kwa siku mbili asishangae *Nagona* ikimchukua wiki. Hapo usitafute kisa kwanza. Fuatilia picha zinazojirudia, njia, maji, mwanga, wanyama, na uone zinabadilikaje zinaporudi. Mbele ya kinyago cha mawingu jicho hufuata mkunjo wa mti, halianzi kwa kuhesabu viungo.

Anayetaka kuingia katika riwaya dhati ya Kiswahili asianzie huko. Aanze na *Rosa Mistika*, au *Kuli* ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1979, ambayo Kiswahili chake ni cha bandarini, chepesi na kitamu. Hizo zinaondoa pia ile dhana kwamba riwaya dhati ni msamiati mgumu. Baada ya hapo *Peponi*. *Nagona* ije ya nne au ya tano.

Kuhusu usomaji wenyewe, kurasa 30 za kwanza zisomwe kwa mkao mmoja. Humo ndimo riwaya inapofundisha kanuni zake: nani anasimulia, wakati unakwendaje, majina ni yapi. Ukizigawa vipande vya kurasa tano tano kila usiku, utakuwa unaanza upya kila siku. Weka kipande cha karatasi ndani ya kitabu, andika majina, uhusiano na ukurasa jina lilipotokea kwanza. Jambo hili ni muhimu sana katika riwaya zetu, maana mtu mmoja aweza kuitwa Salma, Mama Hamisi na Bi Mdogo ndani ya sura moja, na msomaji asiyeandika huhesabu wanawake watatu. Kamusi isifunguliwe kwa kila neno jipya, usomaji utakatika. Neno likirudi mara ya tatu na bado linakuzuia, hapo fungua. Na ukimaliza, kabla ya kukirudisha kitabu maktaba au kwa mwenyewe, soma tena sura ya kwanza. Ni kazi ya nusu saa, na sentensi ulizozipita bila kuziona zitakuwa zimejaa.

Kwa kikundi cha watu sita chenye nakala mbili, hesabu ni hii: riwaya ya kurasa 240, kwa kurasa 20 kwa siku, humalizika siku 12. Kila nakala ikipita kwa watu watatu, siku 36 zinatosha. Msikutane kabla wote hawajamaliza, na mkikutana msianze na "umekipendaje?", maana jibu lake ni neno moja na mazungumzo yanakufa. Kila mtu aje na namba ya ukurasa alipoanza kutomwamini msimulizi au mhusika mkuu. Wawili wakitaja kurasa mbalimbali, zifunguliwe zote mbili na kusomwa kwa sauti, ikianza ile ya mapema.